Fundi Aliyekata Majina Matano

Fundi alikuwa anakata herufi kutoka kulia kwenda kushoto. Ukimpa jina la kuchonga, tuseme RAMADHANI, yeye anaanza na ile I ya mwisho, anamalizia na R. Mara ya kwanza kumwona nilidhani anafanya makusudi. Nikamwambia, "Fundi, mwanzo ni huku."

Akaniangalia kupitia juu ya miwani yake, ile ambayo mkono mmoja umefungwa uzi. "Mwanzo wako huo, mwanangu. Mimi nimesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na kule tunaanzia huku."

Herufi za shule hakuzijua. Kurani aliisoma vizuri, na barua kwa herufi za Kiarabu aliandika mwenyewe. Lakini hizi A, B, C kwake zilikuwa michoro tu. K alikuwa anaiita mtu anapiga teke. S nyoka mvivu. M mapaa mawili. Kisomo cha watu wazima walimwandikisha mara mbili, na mara zote mbili alikwenda siku ya kwanza, akaona kiti cha mwalimu kinayumba, akakitengeneza, akarudi zake nyumbani. Mwalimu akamwandika amehudhuria.

Nyumba yake na yetu pale Tangini, Kibaha, zilitazamana, njia ya mchanga katikati. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri barua ya kupangiwa chuo, na barua haiji. Kila asubuhi natoka mbio kwenda kuuliza, narudi mbio, nakwenda foleni ya sukari mbio. Yeye yuko barazani na patasi yake. Akaniita Bi Haraka, na jina likanishika mtaa mzima. "Bi Haraka, nani anakufukuza?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake kwa kila mtu, hata kwa Mwenyekiti wa tawi, hata kwa mvua.

Mimi mwenyewe uvivu wake ulinichosha. Mlango wa mama yangu ulichukua mwaka na nusu. Mwaka na nusu tunatundika kanga pale pa mlango wa uani.

"Fundi, mlango wangu vipi?" mama anamuuliza akiwa upande wetu wa njia.

"Unakauka."

"Tangu Mfungo Sita?"

"Ubao hauna kalenda, mama."

"Basi mwizi akija nimlete kwako umweleze yeye hayo."

"Mlete. Nitampa randa anisaidie."

Watu wanacheka, mama anacheka, mlango haupo. Ulipokuja, lakini, ulikuja mlango. Mpaka leo unafungwa kwa kidole kimoja. Mama hakukubali kusema ni mzuri. Alisema tu, "Haya, tumeuona."

Halafu mtu huyohuyo, akisikia kuna msiba, hutamjua. Viunza, zile mbao zinazowekwa juu ya maiti kaburini kabla ya udongo, alikuwa anazifikisha makaburini wachimbaji hawajamaliza. Hachukui hata shilingi. Hapimi kwa futi, anapima kwa shibiri zake, na hazijawahi kupungua wala kuzidi. Nilimuuliza siku moja kwa nini mlango mwaka na nusu na viunza saa mbili. Akasema, "Mama yako ana kanga. Yule hana."

Mikutano aliichukia na hakukosa hata mmoja. Anakaa mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, koti lake jeusi mwilini hata kama jua linachoma. Hasemi kitu mpaka watu wameanza kuinuka. Hapo ndipo anauliza swali moja, na watu wote wanakaa tena. Mwenyekiti alikuwa anamwogopa kwa ajili hiyo. Radio yake aliiweka chini chini, ati anahifadhi betri, lakini taarifa ya habari ikifika kwenye habari za vita anazima kabisa, betri mpya au kuukuu.

Nafika sasa kwenye kibao, maana watu wengi wanamkumbuka kwa kibao.

Vita na nduli vilipokwisha, mtaa wetu ulikuwa umepoteza vijana watano, na kwa wote watano zilikuja barua za jeshi. Kamati ikaundwa ya kutengeneza kibao cha kumbukumbu kikae ukutani kwa ofisi ya tawi. Mimi nikawekwa katibu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Saruji ilikuwa haipatikani bila kibali, na kibali kilikuwa hakipatikani, kwa hiyo ikaamuliwa ubao. Na ubao ni Fundi.

Mwenyekiti alitaka picha. Askari amesimama na bunduki, buti lake juu ya kichwa cha nduli, juu mwenge unawaka, chini jembe na nyundo. Nikachora usiku na mchana, siku tatu, na nilijivunia sana ule mwenge. Tukaupeleka mchoro barazani kwa Fundi.

Fundi akaugeuza mchoro hivi, akaugeuza vile.

"Na majina?" akauliza.

"Yapo hapo chini," nikasema.

"Chini ya kiatu?"

Mwenyekiti akakohoa. "Fundi, hii ni alama ya ushindi. Mgeni wa wilaya atakuja kufungua. Lazima kionekane ni kitu cha vita."

"Kwanza mimi sichongi sura ya mtu kwenye kitu cha maiti. La pili, hawa watoto nawajua. Huyu wa nyumba ya kona alikuwa anauza mkaa. Huyu mpiga filimbi wa mpira. Bunduki wameishika miezi mingapi? Leo umchonge na kitu ambacho hata hakukizoea?"

"Sasa wewe unataka alama gani?"

"Jina lake. Mama yake alimpa hilo, halikutosha?"

Wakabishana mpaka adhuhuri, na mwishowe Mwenyekiti alishindwa kwa sababu fundi mwingine hakuwepo. Ikawa ubao wa mninga, urefu mikono miwili, pembeni pindo la pembetatu ndogondogo kama zile anazokata kwenye kila kigoda chake. Hapo tu. Mimi nikabaki na neno moja, kwamba angalau majina yapangwe kwa alfabeti, kama daftari la mahudhurio. Akakataa na hilo. Alitaka yafuate nyumba, kuanzia barabarani kushuka mpaka bondeni. "Mama mtu akija aanze kutafuta alfabeti yako? Ahesabu nyumba, aweke kidole, afike kwa mwanawe." Ndiyo maana alizikata herufi kwa kina, ncha ya kidole inazama. Wako kina mama pale mtaani ambao hawasomi mpaka leo na jina lile moja wanalisoma kwa kidole.

Kazi yetu ikawa hivi: mimi naandika jina kwa penseli juu ya ubao, herufi kubwa, yeye anakata nyuma yangu.

Lakini kulikuwa na jina la sita ambalo watu walikuwa hawalitaji mbele yake. Shomari, mwanawe. Aliondoka na mgambo, lori moja na wale wengine. Wenzake waliorudi hawakumwona baada ya kikosi chao kugawanywa. Barua haikuja, nguo hazikuja. Fundi alikuwa anasema, "Yuko safarini." Hakusoma hitima, hakukubali pole, na ukimpa pole anakuuliza ya nini. Mtu aliyefikisha viunza vya kila mtu kabla ya saa zake, wa kwake hataki hata kuulizwa.

Na kulikuwa na Mwanahawa. Huyu ni mke wa Shomari, rika langu. Walikuwa na miezi mitatu ya ndoa lori lilipokuja. Akabaki pale kwa mkwewe, anapika, anafagia vumbi la randa, si mjane wala si mke wa mtu aliyepo. Wazazi wake walikuja kutoka Maneromango kumchukua, na Fundi akawaambia kwa upole kabisa, "Mumewe akirudi nimwambie nini?" Wakaondoka bila yeye. Siku moja kwenye foleni ya sabuni aliniambia, "Nikivaa kanga mpya watu wananiangalia. Nikivaa iliyochakaa wananiangalia. Sasa nivae nini mimi?" Nikarudi nyumbani nimekasirika na dunia nzima, hasa na Fundi. Niliona huyu mzee anamzika binti wa watu akiwa hai.

Mwenyekiti naye alikuwa na fikra hiyohiyo. Akaniita ofisini. "Msomi, liweke jina la Shomari. Yeye hajui kusoma. Atalikata kwa mkono wake mwenyewe, na likishakaa ukutani limekaa. Huyo binti atapata kitu cha kuonyesha kwa kadhi, aanze maisha."

Nikaona ni jambo la haki. Zaidi ya hapo, nikaona ni jambo la haraka. Kwenye daftari langu jioni ile niliandika kwa wino mwekundu: Kesho namaliza jambo ambalo wakubwa wameshindwa. Ninalo bado hilo daftari. Ukurasa ule sikuuchana, ingawa nimetaka.

Kesho yake asubuhi majina matatu yalikuwa yameshakatwa. Nikaandika la nne kwa penseli, SHOMARI, palepale ambapo kwa hesabu ya nyumba ndipo nyumba ya Fundi inapoangukia.

"Hili la nani?" akauliza.

"Si jina. Ni maneno ya kamati. Mashujaa Wetu."

"Katikati ya majina?"

"Kamati imetaka katikati."

"Kamati," akasema, na akapuliza vumbi. Akaanza upande wa kulia. I. Akakata R. Akakata A. Mimi nimekaa mbele yake kwenye kigoda, nasikia kila pigo la nyundo, na badala ya kuona haya naomba amalize upesi. Akakata M, mapaa yake mawili. Halafu patasi ikasimama.

Akaweka kidole kwenye ile M, akakirudisha mpaka I, akakileta tena. Nilikuwa sijui, na Mwenyekiti alikuwa hajui, kwamba Shomari alipokwenda shule ya bweni Fundi alimtengenezea sanduku la mbao, na kwenye mfuniko alichonga jina lake, mtoto amelichora mwenyewe kwa mkaa. Herufi za dunia nzima zilikuwa michoro kwake. Zile saba alikuwa anazijua.

Hakupandisha sauti.

"Bi Haraka. Hapa umeandika nyumba ya nani?"

"Ya kwako, Fundi."

"Nani kakutuma?"

"Mwenyekiti."

"Na mwandiko wa nani?"

"Wangu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei. Akaifuta patasi kwa shati, akaiweka kwenye kasha. "Nimemkata nusu," akasema. Hakuniambia mimi, nafikiri. Halafu akanigeukia: "Nenda nyumbani mwanangu. Kazi ya leo imekwisha."

Kwa siku mbili zilizofuata mtaa ulisikia tezo na msasa tu. Herufi zile nne zilikuwa zimezama sana, haziondoki kwa kusugua juu juu. Ikabidi achimbe ubao pande zote, taratibu, mpaka pakawa na bonde la mviringo, laini, kama pale pa kukalia kwenye kigoda. Akalipaka mafuta ya nyonyo mpaka likang'aa. Halafu akamwita kijana wa nyumba ya tatu anayesoma darasa la saba amwandikie majina mawili yaliyobaki. Mimi nilikuwa ng'ambo ya njia natwanga, nikasimamisha mchi, hakutazama.

Siku ya kufungua mgeni wa wilaya alikuja na kipaza sauti. Alisimama mbele ya kibao muda mrefu, akaona hakina bunduki, akawa hana pa kuanzia. Mwishowe akasema zile pembetatu za pembeni ni milima ya nchi yetu iliyowazunguka mashujaa kama ngao. Watu wakapiga makofi. Halafu akaona bonde. Akasema lile ni kitovu cha taifa, mahali ambapo damu ya vijana imekusanyika kuzaa amani. Wakapiga makofi zaidi. Mwenyekiti alikuwa anajifuta jasho. Fundi yuko nyuma, mguu mmoja kivulini mmoja juani, na watu walipoanza kuinuka nikajua swali linakuja. Lakini siku ile hakuuliza. Alimpita mgeni, akamwambia, "Ahsante kwa maelezo, bwana. Nilikuwa sijui," akaenda kuswali.

Mimi aliendelea kunisalimia vilevile. Hilo ndilo lililonimaliza. Naamka, natoka, "Shikamoo Fundi," na yeye, "Marahaba Bi Haraka, umeamkaje?" Nilitamani anitukane nipate kulia. Nilikwenda siku moja kumtaka radhi, nimejiandaa na maneno mengi. Alinisikiliza maneno mawili ya kwanza, akasema, "Nimesikia. Mengine bakiza." Nikabakiza. Mwanahawa ndiye hakunisemesha miezi minane, na tulipoongea tena aliniambia, "Mimi nilikutuma?" Nikasema hapana. "Basi." Nilikuwa nimemhurumia mpaka nikasahau kumuuliza.

Barua yangu ya chuo ilikuja. Nilipomaliza nikapangiwa kufundisha Kibaha hukohuko, nikakuta nyumba ya mbele yetu ina wapangaji. Fundi alikuwa ameuza, amekwenda kulima Mzenga, na Mwanahawa amekwenda naye. Wazazi wake walikuja tena kumchukua, mama aliniambia, na safari hii aliyekataa ni binti mwenyewe.

Mwaka wa tano tangu kibao kitundikwe, Mwenyekiti alinisimamisha njiani. Alikuwa amezeeka ghafla. Mkononi ana bahasha ya kaki, taipu juu yake, jina la Fundi, anwani ya tawi letu. Imetoka jeshini.

"Mpelekee wewe," akasema. "Mimi sina uso."

Jumamosi nikapanda basi mpaka Mlandizi, pale nikapata lori la kwenda Mzenga, juu ya magunia. Nakiri kwamba njiani niliinua bahasha juani mara mbili. Sikuona kitu.

Nilifika saa nne asubuhi. Mwanahawa ndiye aliyeniona kwanza, akanyoosha mkono apokee mfuko wangu, akaona bahasha, akaurudisha. Fundi alikuwa uani anakata mguu wa kitanda. Amekonda, lakini koti ni lilelile.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Bi Haraka! Nani kakufukuza mpaka huku?"

"Nimeleta barua. Ya jeshi."

Akaitazama bila kuipokea. "Umekula?"

"Fundi, barua..."

"Nimekuuliza umekula."

Nikala muhogo na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Akamaliza mguu wa kwanza, akaanza wa pili. Adhuhuri ikaingia, akaenda kuswali, akarudi, akala, akaanza wa tatu. Lori la kurudi linaondoka saa tisa na nikalisikia linaondoka. Nilikaa pale na bahasha mapajani, jasho limelowesha kaki, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwacha mtu achukue muda wake. Mguu wa nne ulipokwisha akaisimamisha yote minne pamoja, akapitisha mkono juu kuona kama iko sawa. Iko sawa.

"Soma," akasema.

"Hapa kuna mwalimu wa shule, Fundi. Kama unataka mtu mwingine asome..."

"Yule ana huruma. Ataruka maneno. Wewe soma kama ilivyoandikwa."

Nikachana. Mwanahawa alikuwa amesimama kwenye kizingiti na ungo wa mchele. Nikasoma neno kwa neno, sikuharakisha, sikupunguza. Kwamba mgambo Shomari aliugua homa kikosi kikiwa njiani kurudi. Kwamba alipelekwa kwenye hema la wagonjwa. Kwamba alifariki siku ya tatu, akazikwa hukohuko pamoja na wenzake wawili, na kaburi lina alama.

"Rudia pa kaburi."

Nikarudia.

"Walimswalia?"

Nilitazama karatasi. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. "Haikuandikwa, Fundi."

"Haya." Akavua miwani. "Ungesema ndiyo, nisingeamini na mengine."

Mwanahawa akaweka ungo chini, polepole, hata punje haikumwagika. Fundi akamgeukia. "Nimekuweka sana, mwanangu."

"Hukuniweka, baba. Mlango ulikuwa wazi."

"Ingia ndani ukae eda yako."

Akavua bangili zake mbili, akaziweka juu ya mchele, akaingia. Tukabaki wawili. Nikamuuliza kama anataka nirudi Tangini nikamwambie Mwenyekiti jina liongezwe.

"Kibao kile kimekwisha," akasema. "Waache waendelee kupaita kitovu." Akakunja karatasi, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Halafu akaanza kusogeza mbao zake ukutani, moja moja, kutengeneza nafasi ya watu kukaa. Nikainuka nimsaidie, akanizuia kwa mkono.

"Wewe una miguu ya mbio. Nenda kawaambie majirani."

Nyumba ya kwanza nilimkuta mama mmoja anamenya muhogo uani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mgeni wa Fundi?"

"Ndimi. Amenituma. Ana msiba."

"Msiba! Wa nani?"

"Shomari," nikasema. "Mwanawe."

Akaacha kisu chini palepale, akajitanda kanga ya pili, akatoka mbele yangu.